Mlango Ukifunguka, Taa Iwake

Giza likishaingia Kindu, mashariki mwa Kongo, gari linabaki kuwa chumba kidogo chenye umeme wake. Nyumba nyingi za Kasuku na Mikelenge hazina uhakika wa umeme wa shirika la SNEL, njia nyingi hazina taa, na ukivuka mto Lualaba kwenda Alunguli usiku unamtambua mtu kwa sauti kabla hujamwona uso. Mama anayeshuka na mtoto mgongoni anataka kujua kama anakanyaga ardhi kavu au dimbwi. Dereva anayerudisha chenji anataka kutofautisha noti ya faranga 500 na ile ya 1,000. Muuguzi anayefungua mlango wa nyuma wa Land Cruiser ya wagonjwa anataka kuona uso wa mwanamke aliyeletwa kutoka kijijini akiwa na uchungu wa kuzaa. Hakuna kati yao mwenye mkono wa ziada wa kupapasa dari akitafuta swichi. Wanachohitaji ni taa inayowaka yenyewe mlango unapofunguka.

Gari lilipotoka kiwandani lilikuwa na taa hiyo. Lakini magari mengi ya kwetu yalishatumika miaka mingi kwingine kabla ya kuja kumalizia nguvu zao hapa. Balbu ya dari imeungua, kifuniko chake cha plastiki kimepotea, na swichi ya mlango imeliwa na kutu, maana mvua ya jimbo letu la Maniema hainyamazi sana isipokuwa kati ya Juni na Agosti. Mwenye gari ananunua utepe wa taa za LED uliotengenezwa China, mweupe au wa buluu, anaupeleka kwa fundi wa umeme chini ya mwembe.

"Fundi, nataka ziwake nikifungua mlango tu."

"Hilo si tatizo, Papa. Acha gari, urudi saa kumi."

Saa kumi taa zinawaka, na kila mtu anafurahi. Baada ya wiki chache betri inaanza kulala, au fyuzi inaungua na redio inakufa pamoja nayo, au harufu ya plastiki iliyoungua inatokea pembeni ya mlango. Kosa lililozaa mengi ya hayo, katika magari mengi niliyoyaona, ni moja: fundi alichukua waya wa chanya kwenye betri, akaushusha hadi kwenye swichi aliyoiongeza mlangoni, kisha akaurudisha kwenye taa. Ni kawaida ya mtu aliyezoea umeme wa nyumbani, ambako swichi ya ukutani hukata waya wenye moto. Ndani ya gari mambo yamepangwa kinyume.

Katika magari mengi ya Japani, nayo ndiyo mengi kwetu, swichi ya mlango haikati chanya. Inakata hasi, ile ambayo mafundi wa huku huiita masi. Umeme wa chanya hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi, hupanda hadi kwenye taa ya dari na kukaa hapo usiku na mchana ukisubiri. Kinachokosekana ni njia ya kurudi. Mlango ukifungwa, kidude cha swichi kinasukumwa ndani na njia hiyo inakatika. Mlango ukifunguliwa, kidude kinachomoza, waya unagusanishwa na bodi ya gari, mzunguko unakamilika na taa inawaka. Ni kama mpira uliojaa maji ambao koki yake imefungwa mwishoni badala ya mwanzoni.

Waliobuni mpango huo walikuwa na sababu nzuri. Bodi ya gari ni chuma, na chuma chenyewe ni waya. Kwa hiyo kila mlango unahitaji waya mmoja tu wa kwenda kwenye swichi. Wa pili ni gari lenyewe. Faida ya pili ni kubwa zaidi. Pembeni ya mlango ni mahali pa mateso: waya husuguliwa, hupata maji, hupakwa matope ya viatu. Waya wa hasi ukichubuka pale na kugusa bodi, litakalotokea ni taa kuwaka mlango ukiwa umefungwa. Waya wa chanya ukichubuka pale pale na kugusa bodi, ni shoti: cheche, fyuzi kuungua, na kama hakuna fyuzi, moto. Sasa fikiria gari hilo limebeba madumu ya petroli chini ya kiti, kama yanavyobeba magari mengi yanayotoka Kindu kwenda mahali pasipo na kituo cha mafuta. Mtu anayepeleka chanya mlangoni anaondoa kinga iliyowekwa na kiwanda na kuweka hatari mahali pake, bila kujua.

Kwa hiyo, kabla ya kukata chochote, pima. Multimita ya bei ndogo inatosha. Hakikisha kwanza kwamba balbu ya dari ni nzima na swichi yake ndogo iko katikati, pale palipoandikwa DOOR, kwa sababu bila balbu kipimo kitakudanganya. Fungua skrubu moja inayoshika swichi ya mlango, ivute taratibu nje pamoja na waya wake, na uangalie usije ukauachia waya ukazama ndani ya nguzo ya bodi. Weka multimita kwenye volti za betri, kipimo cha 20, ncha nyeusi kwenye chuma kitupu cha bodi, ncha nyekundu kwenye waya huo. Iwapo swichi inakata hasi, utasoma karibu volti 12 mlango ukiwa "umefungwa", yaani kidude kikiwa kimebonyezwa au waya ukiwa umechomolewa, na sifuri swichi inapogusana na bodi. Umeme unaousoma umepita ndani ya balbu ya dari ukakosa pa kwenda. Ukiona kinyume chake, sifuri ukibonyeza na 12 ukiachia, basi gari hilo ni la aina nyingine, ambayo swichi hukata chanya. Baadhi ya magari ya Marekani, zikiwemo Ford za zamani, yamejengwa hivyo. Ni machache Kindu, lakini fundi asiyepima atakutana na mojawapo siku moja, naye hatalijua.

Mara nyingi wakati wa kupima ndipo unapogundua kwamba swichi yenyewe imekufa. Swichi ya zamani yenye waya mmoja hupata masi yake kupitia skrubu inayoishika. Kutu au rangi mpya chini ya skrubu hiyo inatosha kuizima kabisa. Msasa kidogo kwenye chuma, grisi kidogo dhidi ya unyevu, na taa ya kiwanda inafufuka bila kununua kitu. Fundi mwaminifu humwambia mteja hivyo hata kama inapunguza malipo yake.

Baada ya kupima, waya wa kuunga uko wapi? Wengi huunga pale pale mlangoni kwa kuwa ndipo walipofungua. Mimi nashikilia kwamba mahali bora ni juu, kwenye taa ya dari yenyewe. Nyaya za milango yote hukutana pale, kwa hiyo taa mpya zitaitika mlango wowote. Chanya yenye fyuzi tayari ipo pale. Tena ukiunga taa mpya sambamba na balbu, ncha moja huku na nyingine kule, zitatii ile swichi ndogo ya dari katika nafasi zake zote tatu: kuwaka muda wote, kuwaka kwa mlango, na kuzima kabisa. Hiyo nafasi ya tatu ina thamani Kindu kuliko mahali pengi. Gari linalopakia magunia ya mchele sokoni hukaa milango wazi saa nzima, mbili, tatu. Linalongoja kivuko cha kwenda ng'ambo linaweza kukaa zaidi, abiria wakiingia na kutoka. Dereva awe na uwezo wa kuzima taa zote kwa kidole kimoja. Utepe ulioungwa mlangoni haumpi uwezo huo.

LED zina chanya na hasi, tofauti na balbu ya waya. Ukizigeuza haziwaki, geuza tena, hazitakuwa zimeharibika. Na zinakula umeme kidogo kwa kila kipande cha mwanga, neema tuliyoipata kwa LED ya buluu ambayo bila yake nyeupe isingekuwapo, kazi iliyowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. LED ya wati 2 huangaza ndani ya gari vizuri kama balbu ya wati 10. Tatizo ni kwamba watu hawanunui wati 2. Wananunua utepe mzima wa mita 5 na kutaka wote utumike, chini ya viti, kwenye dari, kuzunguka usukani.

Hapo hesabu inahitajika, na si ngumu. Utepe wa kawaida wa LED kubwa, zile 60 kwa kila mita, hula karibu wati 14 kwa mita. Mita 3 ni wati 43, yaani ampea 3.6 kwenye volti 12. Mlango mmoja usiofungwa sawasawa kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi utakuwa umemeza ampea-saa 43. Betri nzima ya 60 haiwashi gari baada ya hapo, sembuse iliyochakaa. Balbu ya kiwanda ya wati 10 kwa usiku huo huo ingekula 10 tu. Betri ya gari haikutengenezwa kumalizwa namna hiyo. Kila inapoishiwa chaji na kukaa hivyo, mabamba yake ya risasi hushikwa na ugumu ambao chaji haiuondoi wote. Usiku kama huo ukijirudia, betri inakwisha mapema.

Na Kindu si mahali pa kuchezea betri. Mji huu ulikuzwa na mto na reli. Reli iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 20 ilipanda kutoka hapa hadi Kongolo, na mwaka 1956 kipande cha kati ya Kabalo na Kamina kikaiunganisha na mtandao wa Katanga. Reli ipo bado, lakini treni ya shirika la reli la SNCC kutoka Lubumbashi haina siku. Barabara ya Bukavu kwa miaka mingi imekuwa ya pikipiki na miguu zaidi kuliko ya malori. Tangu Goma ianguke mikononi mwa waasi Januari 2025 na Bukavu Februari mwaka huo huo, njia za bidhaa za mashariki zimezidi kuwa nyembamba. Kitu kizito chenye asidi ndani yake kinapofika Kasuku kimeshalipiwa safari kwa kila kilo. Familia ambayo gari lake ndilo duka lake haiwezi kununua betri mara mbili kwa mwaka kwa sababu ya urembo wa buluu chini ya viti. Ndiyo maana nawasihi mafundi: kateni mita moja, mita moja na nusu, rudisheni iliyobaki kwa mwenyewe aitumie nyumbani.

Fyuzi nayo. Katika Toyota nyingi, fyuzi iliyoandikwa DOME hailishi taa ya dari peke yake. Kumbukumbu ya redio na saa mara nyingi viko juu yake. Ukiibebesha utepe mrefu inaweza kuungua, na mara ya pili mtu ataifunga kwa karatasi ya sigara yenye bati, au kwa uzi wa shaba. Kuanzia hapo waya wa gari ndio fyuzi, nao uko ndani ya dari, umefunikwa kwa kitambaa. Taa mpya zipewe fyuzi yao ndogo, ya ampea 2 au 3, kwenye waya wao wa chanya karibu kabisa na pale ulipochukuliwa. Fyuzi inalinda kilicho mbele yake tu. Sentimita zilizo kabla yake hazilindwi nayo. Maungio yachomwe kwa risasi na yafunikwe vizuri. Waya mbili zilizosokotwa na kuviringishwa mfuko wa plastiki haziwezi kuhimili mtikisiko wa barabara ya Kibombo.

Kuna magari ambayo kwa kweli ni bora yasiguswe bila kufikiri mara mbili. Yale yenye taa ya dari inayofifia polepole baada ya mlango kufungwa hayaendeshwi na swichi peke yake. Kuna kompyuta ndogo kati yake na taa, na ndani yake transista ambayo imepimwa kwa balbu ile ya kiwanda. Ibebeshe ampea 3 na utaiunguza, na Kindu nzima hutapata nyingine. Magari hayo yapewe LED ndogo tu, zisizozidi mzigo wa balbu ya zamani. Yakihitaji mwanga mwingi, iwekwe rilei, ili kompyuta ibebe koili peke yake na mkondo mkubwa upite kwenye waya wake wenye fyuzi. Lakini rilei kwenye taa inayofifia inaweza kutetema kabla ya kuzima, jambo ambalo mwenye gari aelezwe mapema. Katika magari hayo hayo LED huendelea kung'aa kidogo sana hata milango ikiwa imefungwa, kwa sababu kuna umeme mdogo unaovuja ambao balbu ya waya haikuuonyesha. Dawa yake ni kuacha balbu moja ya zamani mahali pake, sambamba na LED. Itaumeza uvujaji huo. Na popote utakapoona viunganishi vya rangi ya njano kwenye nguzo au juu ya milango, hizo ni nyaya za mifuko ya hewa. Peleka waya wako njia nyingine.

Malori ni hadithi tofauti. Lori kubwa linalobeba mafuta ya mawese na mchele lina betri mbili za volti 12 zilizofuatana, jumla 24. Utepe wa volti 12 ukiuweka hapo moja kwa moja unaungua mbele ya macho yako. Fundi mjanja basi huchukua umeme kwenye betri moja kati ya mbili, na taa zinawaka vizuri sana. Ni ujanja ambao ningependa uachwe kabisa mjini hapa. Jenereta ya lori huzichaji betri mbili pamoja kana kwamba ni moja. Inayoibiwa umeme haijai kamwe, na mwenzake hujazwa kupita kiasi hadi maji yake yanachemka na kukauka. Mwenye lori ataambiwa betri zilikuwa mbovu. Hazikuwa mbovu. Anunuliwe utepe wa volti 24, au awekewe kipunguza volti, au kwa dharura zifuatanishwe tepe mbili za urefu ule ule, moja baada ya nyingine.

Mlango wa nyuma wa gari la wagonjwa ndio ninaouwaza zaidi. Katika Land Cruiser nyingi za kazi, taa ya nyuma huwashwa kwa mkono, kwa sababu kiwanda kiliuza gari la mizigo na watu wakaweka machela. Kwa kuwa mpango ni wa hasi, kuongeza swichi pale ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Swichi moja ya kubonyeza kutoka kwenye gari lililokufa, tundu moja kwenye fremu ya mlango, rangi ikwanguliwe hadi chuma, na waya mmoja kwenda kwenye taa. Hakuna chanya inayosogezwa hata sentimita. Ukitaka mlango wa nyuma uwashe pia taa ya mbele, jihadhari na waya wa mlango wa dereva, kwa kuwa katika magari kadhaa una kazi nyingine ya kupiga kengele ya ufunguo uliosahauliwa. Ukiziunganisha nyaya hizo hovyo, kengele italia kwa kila mlango. Diodi moja kwenye kila waya inazitenganisha. Ile iitwayo 1N4007 inabeba ampea 1, kwa hiyo taa zisizidi hapo, na imejaa ndani ya redio na chaja zilizokufa sokoni. Upande wake wenye mstari uelekee kwenye swichi, upande wa pili kwenye taa.

Waendeshaji wa vituo vya afya na mashirika yenye magari haya wanaweza kuagiza kazi hiyo ifanyike katika mchana mmoja. Wauguzi wamekwisha kufanya kazi ya kutosha wakiwa wameshika tochi ya simu kwa meno.

Kazi ikiisha, usimpe mwenye gari ufunguo bado. Funga milango yote isipokuwa mmoja, bonyeza swichi ya huo uliouacha wazi, chomoa hasi ya betri na uweke multimita katikati ikiwa kwenye kipimo cha ampea 10. Subiri dakika kumi, maana magari mapya huchelewa kulala. Gari zima husoma chini ya ampea 0.05. Ukisoma 0.3 au zaidi, kuna taa inayowaka mahali usipopaona, au swichi isiyorudi, na fyuzi ukizichomoa moja moja zitakuonyesha ni wapi. Kisha andika kwenye kipande cha karatasi ukubwa wa fyuzi uliyoiweka, ulikochukua chanya na rangi ya waya uliotumia, ukibandike nyuma ya kifuniko cha sanduku la fyuzi, ili fundi atakayelifungua gari hilo Kasongo, Kalima au Kisangani asianze kwa kubahatisha.